Mifuko miwili ya chokaa na upinde wa Wamaya: tathmini ya mnunuzi wa Mwanza

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni chokaa ya unga ya mfuko wa kilo 25, ile inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi jijini Mwanza kando ya saruji, nondo na misumari, na ambayo wanunuzi wengi huichukua kwa ajili ya kupaka kuta, kuchora mistari ya uwanja wa mpira au kung'arisha mashina ya miti kabla mgeni rasmi hajawasili. Mimi niliinunua kwa kazi nyingine. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari wilayani Ilemela, na wanafunzi wa klabu yetu waliomba tujenge, kwa vifaa halisi na si kwa maboksi, kipande cha jengo la Wamaya wa kale, watu wa Meksiko na Amerika ya Kati: kuta mbili fupi zilizoezekwa kwa upinde, kimo chake kisizidi kimo cha mtoto wa darasa la nne. Saruji tuliipiga marufuku tangu siku ya kwanza. Nilinunua mifuko miwili katika maduka mawili, mmoja ukaniangusha na mwingine ukanifurahisha, na kwa kuwa sababu ya tofauti hiyo haikuandikwa popote kwenye mifuko yenyewe, nimeona niieleze kwa urefu.

Kipimo changu hakikuwa cha maabara. Nilijiuliza swali moja tu: je, mwashi wa Kimaya angeikubali chokaa hii? Swali hilo si la mzaha, kwa sababu ni watu wachache duniani walioitegemea chokaa kama wao. Rasi ya Yucatán nchini Meksiko na nyanda za chini za Petén kaskazini mwa Guatemala zimelala juu ya mawe ya chokaa, na Wamaya, ambao hawakuwa na zana za chuma, wala wanyama wa kubeba mizigo, wala gurudumu la kusafirishia, waliyachimba na kuyachonga mawe hayo kwa zana za mawe magumu zaidi. Chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo ilikuwa gundi ya kuta zao, sakafu ya viwanja vyao, ngozi ya mahekalu yao na hata uso wa barabara zao, zile zinazoitwa sacbe, yaani njia nyeupe, ambazo mojawapo iliunganisha miji ya Cobá na Yaxuná kwa umbali wa kilomita 100 hivi. Jengo la La Danta katika mji wa El Mirador lina kimo cha mita 72 hivi na lilijengwa kabla ya mji wenyewe kuhamwa karne nyingi zilizopita. Hekalu la Nne la mji wa Tikal, la karne ya 8, lina mita 65 hivi. Anayetaka kulinganisha na asimame ufukweni na kuutazama Mwamba wa Bismarck, ule mwamba mashuhuri wa ziwani hapa Mwanza, kisha ajaribu kuupachika chini ya majengo hayo, hautaonekana kitu.

Ili msomaji aelewe kwa nini mfuko wa kwanza ulishindwa, ni lazima aelewe chokaa inavyofanya kazi. Jiwe la chokaa likichomwa kwa joto la nyuzi 800 hadi 900 hivi, hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake hutoka, na uzito hupungua sana: kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 za chokaa kali. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka, huvimba na kuwa unga au uji mweupe, na huo ndio unga tunaouziwa mifukoni. Ukishapakwa ukutani, huanza safari ya kurudi: hunyonya hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, na kuwa jiwe tena. Wamaya walifanya uchomaji huo kwa kupanga magogo mabichi katika lundo kubwa la duara, wakaweka mawe juu yake na kuwasha moto katikati. Katika vilima vya Puuc, huko Yucatán, kumetambuliwa pia mashimo ya duara yaliyojengewa mawe ambayo yalikuwa matanuru ya chokaa. Kuni zilizotumika zilikuwa nyingi mno, kiasi kwamba wapo wataalamu wanaoamini kwamba tamaa ya plasta nene ilichangia kuumaliza msitu wa El Mirador. Baada ya moto kuzima, lundo la mawe yaliyoiva liliachwa kwenye umande na mvua likajivunja lenyewe kuwa unga.

Sasa tazama jambo hili kwa makini: chokaa ya mfukoni haisubiri ukuta ndipo ianze kunyonya hewa. Mfuko ukitoboka, au ukikaa dukani miezi mingi juu ya sakafu yenye unyevu, unga wake unageuka kuwa vumbi la mawe ukiwa bado dukani. Kwa macho hautambui. Ni mweupe vilevile, laini vilevile, na bei yake ni ileile.

Mfuko wa kwanza niliununua mwezi Juni mwaka jana katika duka ambalo sitalitaja jina wala mtaa. Ulikuwa umewekwa chini kabisa ya rundo, umeegemezwa ukutani, na kona moja ilikuwa imepasuka na kuzibwa kwa gundi ya karatasi. Nilipomuuliza kijana wa dukani umekaa hapo tangu lini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mchanga.

"Mwalimu, chokaa haiozi," akasema. "Chokaa ni chokaa."

Nililipa shilingi 9,000 na kuondoka nao kwenye bajaji. Nyumbani nilichota kijiko kimoja, nikakimwaga katika kisosi, nikakamulia ndimu. Unga ulitoa povu papo hapo, mapovu madogomadogo yakipanda kwa sauti nyembamba kama ya soda iliyofunguliwa sasa hivi, na yaliendelea hadi nilipokamua nusu ya pili. Hicho ndicho kipimo cha jikoni ninachompendekezea kila mnunuzi. Chokaa iliyo hai hupokea ndimu kimya, au kwa mapovu machache, kwa sababu haina hewa ya kutoa; iliyogeuka jiwe hutoa povu, kwa sababu tindikali inaifukuza hewa iliyokwisha kunyonywa. Nilirudi dukani kesho yake na kisosi changu. Niliambiwa kwamba mali ikishatoka hairudi, na kwamba kama nilitaka kitu cha kushika tofali ningenunua saruji kama watu wengine. Unga ule haukupotea wote, maana tuliutumia badala ya sehemu ya mchanga, lakini kama gundi ulikuwa hauna kazi. Duka hilo ninalipa nyota moja, na hiyo moja ni ya bajaji waliyoniitia.

Duka la pili ni dogo, linaendeshwa na mama mmoja mtu mzima katika kibanda cha mabati. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijamaliza kueleza shida yangu aliuliza, "Unapaka au unajengea, mwanangu?" Hakuna muuzaji mwingine aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mifuko yake ilikuwa juu ya vipande vya mbao, imefunikwa nailoni, na alinitolea ule uliofika kwa lori wiki ile, akinionyesha tarehe iliyogongwa kwa muhuri kwenye mshono. Bei ilikuwa shilingi 11,000, nami sikuomba punguzo. Nilimwomba ruhusa ya kukamulia ndimu pale pale, akacheka, akaniletea ndimu kutoka kwenye meza ya jirani yake. Unga ulikaa kimya.

Ubora wa unga wenyewe ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia. Tulipouchekecha kwa chekeche la kawaida la unga wa mahindi, yalibaki mabonge yasiyojaza kiganja, nayo yalikuwa punje za jiwe ambalo halikuiva. Hatukuutumia siku hiyo. Tuliuloweka katika ndoo tatu, maji yakiwa juu ya unga kwa vidole viwili, tukafunga vifuniko na kuuacha wiki mbili. Waashi wa zamani wa pwani yetu, wale waliojenga Kilwa kwa matumbawe na boriti za mikoko, nao waliijua subira hii: chokaa iliyolala majini huwa laini, hushika mwiko na haipasuki upesi ikikauka. Tulipofungua ndoo ya kwanza, mwiko uliochovywa ulitoka umevikwa utando mzito kama mtindi mgando, nao haukudondoka hata ulipogeuzwa juu chini.

Tatizo letu la pili lilikuwa mawe, na hapa sina budi kutoka nje ya duka kidogo. Mwanza ni mji wa mawe, lakini ni granaiti, jiwe lisilotii nyundo ya mwanafunzi na lisilotoa chokaa hata ukilichoma mwaka mzima. Kokoto tulizipata kwa akina mama wanaozigonga kilimani. Mawe ya kujengea kuta hatukuyapata. Jibu lilitoka kwa Wamaya wenyewe. Mji wa Comalcalco, katika jimbo la Tabasco nchini Meksiko, uko kwenye tambarare ya udongo wa mafuriko ambako mawe ni haba, na watu wake waliamua kujenga mahekalu kwa matofali ya kuchoma, wakaunganisha kwa chokaa iliyotokana na makombe ya chaza. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, ambaye tanuru la matofali analiona kila anapotoka mjini, habari hii ni tamu. Matofali mengi ya Comalcalco yalichorwa kabla ya kuchomwa, wanyama, majengo na maandishi, kisha yakajengewa ukutani upande wenye picha ukiwa umefichwa. Wanafunzi waliposikia hivyo, kazi ilisimama nusu siku. Kila mmoja alitaka tofali lake, na kwa kuwa yetu yalikuwa yamekwisha kuchomwa, waliyakwangua kwa misumari: sato, sangara, mtumbwi wenye tanga, na moja lenye uso wa mkuu wa shule ambalo nililigeuza haraka mimi mwenyewe.

Upinde wa Wamaya si upinde wa madirisha ya kanisa. Hauna jiwe la katikati linalobana mengine. Kila safu hujitokeza kidogo kuizidi iliyo chini yake, kutoka pande zote mbili, hadi nafasi iliyobaki juu iweze kufunikwa kwa jiwe moja bapa. Kinachozuia safu hizo zisianguke ndani ni uzito wa ukuta ulio nyuma yake, mchanganyiko wa vifusi na chokaa uliojaa hadi juu. Ndiyo maana vyumba vyao ni virefu lakini vyembamba, na kuta zake ni nene kuliko mtu anavyodhani ni lazima. Hata nyumba za mawe za Waswahili zilikuwa na vyumba vyembamba, ingawa kwao mpaka uliwekwa na urefu wa boriti ya mkoko. Waashi wa mji wa Kimaya wa Palenque walizipunguza kuta zao na kuyapunguza uzito mapaa kwa ustadi mkubwa. Wale wa Uxmal na miji mingine ya Puuc walifika mbali zaidi: mawe yaliyochongwa vizuri yalibaki kama koti la nje, na jengo lenyewe, likiwemo lile liitwalo Jumba la Gavana lenye urefu wa mita 100 hivi, likasimama kwa nguvu ya zege la chokaa lililo ndani.

Sisi tuliusoma ukweli huo kwa hasara. Vijana walijenga safu za kujitokeza kwa haraka bila kujaza nyuma, wakasukuma kila tofali ndani kwa robo tatu ya kiganja, na safu ya tatu ya upande wa kushoto ikainama taratibu kisha ikaangukia kwenye karai. Hakuumia mtu. Fundi tuliyemwomba atusaidie kwa timazi na pima maji, mzee aliyejenga nyumba nyingi za Kirumba, alisimama mikono kiunoni.

"Mwalimu, tia saruji kidogo tu. Mfuko mmoja. Wamaya hawatajua."

"Wao hawatajua, Fundi, lakini hawa watoto watajua."

Alikubali shingo upande, akatuonyesha namna ya kupanda kwa safu moja kila siku, kujaza kokoto na chokaa nyuma kabla ya kuendelea, na kushikilia pande mbili kwa vipande vya mirunda vilivyokatizwa ndani. Hilo la mwisho lilinifurahisha, kwa kuwa Wamaya nao walikatiza boriti za mbao ndani ya mapaa yao, na Fundi hakuwahi kuambiwa hilo na mtu. Juu ya milango ya Tikal waliweka linta za mti wa chicozapote, mbao ngumu ambazo baadhi yake zimedumu zaidi ya miaka 1,200 zikiwa na michoro yake. Utomvu wa mti huo ndio uliotengenezea bigijii za mwanzo. Sisi tuliweka linta ya mkaratusi.

Uchanganyaji ulikuwa sehemu moja ya uji wa chokaa kwa sehemu tatu za mchanga wa mtoni uliochekechwa, na hapa chokaa ya mama yule ilionyesha thamani yake. Haikukauka juu na kubaki uji chini, kama ninavyoona kwenye plasta za haraka haraka. Hewa yenye unyevu ya ziwani ilitusaidia, maana chokaa hainyonyi hewa ya ukaa ikiwa imekauka kabisa; hata hivyo tuliifunika kwa magunia mabichi kwa siku kumi, tukiyanyunyizia maji asubuhi na jioni. Anayetaka ukuta wake uwe tayari Jumapili kwa ajili ya sherehe asinunue bidhaa hii. Baada ya mwezi mmoja ukucha bado uliacha alama. Baada ya miezi minne haukuacha.

Katika lipu ya nje tulifanya jaribio ambalo limenigeuza kuwa mteja wa kudumu. Mwaka 2023 watafiti walichapisha uchunguzi wa plasta za Copán, mji wa Kimaya nchini Honduras, wakionyesha kwamba waashi walitia utomvu wa magome ya miti ndani ya chokaa, na kwamba walipoiga njia hiyo kwa miti iitwayo chukum na jiote walipata plasta ngumu zaidi na isiyotafunwa kwa urahisi na maji. Copán ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Huko ndiko liliko hekalu la Rosalila, lililozikwa zima, likiwa na plasta na rangi yake nyekundu, ndani ya jengo lililojengwa juu yake, likagunduliwa mwaka 1989. Chukum haipatikani hapa, lakini ni ndugu wa jamii moja na migunga yetu, kwa hiyo tulilowesha magome ya mgunga siku tatu na kutumia maji yake katika nusu moja ya ukuta. Nusu nyingine ilipata maji matupu. Mvua za vuli zilipokwisha, nusu ya maji matupu ilikuwa inaacha unga mweupe kwenye kidole. Nusu ya mgunga, yenye rangi ya chai ya maziwa, haikuacha kitu. Ni ukuta mmoja na msimu mmoja, kwa hiyo sitaki mtu akapake nyumba nzima kwa ushahidi wangu, lakini kona moja ya uzio aijaribu.

Malalamiko yangu kuhusu bidhaa yenyewe ni mawili. Maandishi ya mfuko yanataja uzito na jina la mtengenezaji, lakini hayasemi popote kwamba unga huu huunguza macho na ngozi iliyolowa. Mwanafunzi mmoja alijipangusa jasho kwa mkono wenye chokaa, nasi tukamwosha jicho kwa maji safi kwa robo saa nzima kabla ya kumpeleka zahanati, na ashukuriwe Mungu jicho ni zima. Miwani na glovu ziuzwe pamoja na mfuko, au angalau zitajwe. Pili, mfuko ni wa karatasi tupu bila nailoni ndani, jambo linaloufanya uzeeke upesi katika hali ya hewa ya ziwani. Kwa hayo ninaipa chokaa nyota tatu na nusu kati ya tano, na duka la mama yule nyota tano bila mjadala. Niongeze pia, kwa kuwa wanafunzi waliniuliza, kwamba Wamaya walichemshia mahindi yao katika maji ya chokaa ili maganda yatoke na unga uwe bora, lakini hiyo haikuwa chokaa ya dukani kwetu, na mtu asithubutu kuitia hii katika sufuria ya makande.

Upinde bado umesimama nyuma ya darasa, na kuku wa mlinzi wameufanya makazi. Ndoo ya tatu hatukuifungua. Iko stoo, maji yakiwa juu ya chokaa kwa vidole viwili, tarehe imeandikwa kwenye kifuniko kwa kalamu nyekundu, na kila mwalimu mgeni anayeichungulia huuliza kama ule mtindi ni wa nani.